Naomba ushauri: programu ya kupanga riwaya kwenye simu, na mwenza wa kuandikiana

Habari zenu ndugu waandishi. Niko Arua, Uganda, naandika riwaya ya Kiswahili kwenye simu ya Android. Kompyuta sina, na umeme huku mnaujua wenyewe.

Sura ninazo nyingi, ila zimetawanyika. Nyingine ziko Google Docs, nyingine nimejitumia WhatsApp. Majina ya wahusika na nani ni shemeji ya nani yako kwenye kaunta buku, mishale juu ya mishale, mpaka ukurasa umechanika. Nikitafuta tukio moja, jioni yote imekwisha.

Scrivener, programu ya kuandikia na kupangia vitabu, inasifiwa sana, lakini haina toleo la Android. Nimejaribu Obsidian, programu ya kuandikia maelezo: ni ya bure, inafanya kazi bila bando, na faili zinabaki kwenye simu. Tatizo, kuvuta sura juu au chini kwa mpangilio wangu sijaweza.

Upande wa kutiana moyo ndio mgumu zaidi. NaNoWriMo, ile changamoto ya maneno 50,000 kila Novemba, ilitangaza kufunga mwaka 2025. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, wapo, lakini Kampala ni mbali na nauli si mchezo.

Naomba mnisaidie mawili. Kuna programu ya Android isiyohitaji intaneti inayopanga sura na wahusika pamoja? Na kwa mliopo Uganda, nani anaandika Kiswahili tuwe tunatumiana kurasa kila wiki? Hata za sauti nitasikiliza. Asanteni.