PS5 ya GB 825 imejaa: M.2, diski ya nje, au kufuta na kupakua upya?

pedi_mbili

Wakuu, naomba msaada. PS5 ni ya toleo la kwanza, ile inayoandikwa GB 825 lakini ukiiwasha unakuta unazoweza kutumia ni GB 667. Call of Duty peke yake imekula zaidi ya GB 100. Ukiweka na gemu nyingine tano au sita, kila apdeti ikija naambiwa nafasi haitoshi.

Ninayo HDD (diski ya kuzunguka) ya nje ya TB 2 iliyokuwa ikitumika kwenye PS4. Maswali ni haya:

1. Hiyo HDD inaweza kuchezesha gemu za PS5, au ni za PS4 tu?
2. Kama M.2 (ile SSD ndogo ya kufunga ndani ya konsoli) haikwepeki, niangalie nini nisije nikanunua kitu ambacho konsoli itakikataa?
3. Kabla sijatoa hela, kuna takataka gani za kufuta? Kwenye Storage naona sehemu imeandikwa Other, sielewi ni nini.

Intaneti yangu ni Mbps 20, kwa hiyo mchezo wa kufuta na kupakua upya kila mara hauniwezekani.

---

fundi_saketi

Naanza na swali la kwanza maana ndilo linaloamua mengine.

Gemu za PS4 zinacheza moja kwa moja kutoka HDD ya USB. Tena kama ilishafomatiwa kwenye PS4 kuwa hifadhi ya ziada, ichomeke tu, PS5 itaitambua na gemu zako za PS4 zitaonekana bila kufomati upya. Gemu za PS5 unaweza kuziweka humo, ila hazichezi. Ukitaka kucheza unairudisha kwanza ndani ya konsoli.

Sababu ni kasi. SSD ya ndani ya PS5, yaani hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, inasoma GB 5.5 kwa sekunde. HDD ya nje ya kawaida inasoma kama MB 100 hivi kwa sekunde. Gemu iliyotengenezwa ikitegemea ile kasi ya kwanza inavuta picha na sauti za eneo linalofuata wakati unakimbia kuelekea huko. Kwa HDD ungefika kabla ya ukuta kuchorwa. Hata SSD ya nje haikwepi marufuku hii, kwa sababu tundu la USB la Gbps 10 (hizo ni biti, nane ndiyo baiti moja) kikomo chake, tena kwa hesabu za karatasi tu, ni GB 1.25 kwa sekunde.

Kwa hiyo ichukulie HDD yako kama ghala. Kwa gemu ya GB 100 na hali yako, hesabu inakaa hivi:

- kupakua upya kwa Mbps 20: saa 11 na dakika kadhaa, kama laini haiyumbi
- kurudisha kutoka HDD ya MB 100 kwa sekunde: kama dakika 17
- kurudisha kutoka SSD ya nje ya MB 500 kwa sekunde: kama dakika 3 na sekunde 20

Dakika 17 zinavumilika. Saa 11 ni usiku mzima.

Sasa mambo yanayowakwamisha watu. Chomeka kwenye matundu ya USB ya nyuma. Kwenye toleo lako, lile tundu pana la mbele ni la Mbps 480 tu, la kuchajia pedi, si la kazi hii. Usipitishe kwenye habu (kigawanya matundu ya USB), PS5 haikubali hifadhi ya ziada kupitia habu. Diski iwe kati ya GB 250 na TB 8. Na usiichomoe hivihivi: Settings, Storage, USB Extended Storage, kisha Safely Remove from PS5. Ukiing'oa ikiwa inaandika, mara nyingine utakapoichomeka utaambiwa haikutolewa vizuri, konsoli itaanza kuikagua, na gemu iliyokuwa ikihamishwa huenda ikabidi uirudie mwanzo.

Jambo moja watu hawalijui: gemu ya PS5 ikiwa imelala kwenye USB haipokei apdeti. Inazipokea ikisharudi ndani. Kwa hiyo gemu ya mtandaoni inayotoa apdeti nzito mara kwa mara usiipeleke ghalani, itarudi na deni. Peleka zile za hadithi ulizozisimamisha katikati.

---

Nahodha_wa_Pikseli

Swali la pili. Usinunue kwa kuangalia TB na bei tu. Masharti ya tundu la M.2 la PS5 ni haya:

- NVMe ya PCIe Gen4 x4 (aina ya SSD na kizazi cha muunganisho wake, huandikwa kwenye boksi). Ya Gen3 inakataliwa, na M.2 ya SATA inakataliwa hata kama umbo ni lilelile.
- Ukubwa kuanzia GB 250 hadi TB 8. Hiyo TB 8 ilikuja na apdeti ya Septemba 2023, kabla ya hapo mwisho ulikuwa TB 4.
- Kasi ya kusoma MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Ya chini kidogo ya hapo inaweza kukubalika, ila Sony hawakuhakikishii kwamba gemu zote zitaenda sawa.
- Urefu: 2230, 2242, 2260, 2280 au 22110 (22 ni upana, zinazofuata ni urefu, kwa mm). Iliyojaa sokoni ni 2280.
- Lazima iwe na hitisinki (kipande cha chuma cha kupoza joto). Unene wote usizidi mm 11.25, na kati ya hizo sehemu ya juu ya bodi isizidi mm 8 na ya chini isizidi mm 2.45.

Hapo kwenye unene ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Hitisinki nyingi nene zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Kwenye PS5 inaingia vizuri, ukifika kurudisha kifuniko cha chuma hakifungi. Usiache wazi ukasema poa tu, pale ndani hewa imepangiwa njia yake. Pima kwanza, au nunua ambayo hitisinki yake imeandikwa vipimo.

Kitu kingine: SSD za bei nafuu zisizo na DRAM (kumbukumbu yake yenyewe ya haraka) hutegemea kuazima kumbukumbu ya mashine, mtindo unaoitwa HMB. PS5 haina HMB. SSD hizo zinaweza kufanya kazi lakini kasi ikawa chini ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Na ya Gen5 usiiguse: itakwenda kwa kasi ya Gen4, joto juu, na umelipia ziada bure.

Kufunga:

1. Zima konsoli kabisa, si Rest Mode. Chomoa umeme na kebo zote, iache ipoe.
2. Toa stendi, vua bamba la upande wenye tundu la M.2. Halina skrubu, linainuliwa kwenye kona kisha linasukumwa.
3. Utaona kifuniko kirefu cha chuma chenye skrubu moja. Fungua kwa bisibisi ya nyota, ile ndogo namba 1.
4. Ndani kuna skrubu nyingine na kikalio chake kidogo cha duara. Hivyo viwili vihamishie kwenye namba inayolingana na SSD yako: kwa 2280 ni 80. Hicho kikalio ni kidogo na kinapenda kuanguka, fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe.
5. Ingiza SSD kwa kuiinamisha kidogo, pengo lake likae kwenye jino la tundu. Isukume mpaka mwisho, ilaze, funga skrubu bila kukaza sana.
6. Rudisha kifuniko, bamba na stendi, kisha washa.

Ikiwaka itadai kufomati. Kubali, halafu itakuonyesha kasi iliyopima. Usipoona dai hilo, zima tena ukaangalie kama SSD imeingia mpaka mwisho, maana mara nyingi imebaki nusu milimita nje. Na kama konsoli ilikaa muda mrefu bila kuapdetiwa, kumbuka tundu hili lilifunguliwa kwa apdeti ya Septemba 2021. Programu ya zamani zaidi ya hapo haitaiona SSD kabisa.

---

BintiPedi

Wote mmemkimbiza dukani. Mkuu, anza na swali lako la tatu, unaweza kushangaa.

Call of Duty si kitu kimoja. Simama juu ya gemu, bonyeza Options, ingia Manage Game Content. Utaona kampeni (sehemu ya hadithi) na sehemu za mtandaoni kila moja kivyake, na unaweza kufuta usiyoihitaji. Uliyemaliza kampeni unaitunzia nini? Gemu nyingine kubwa nyingi nazo zina mgawanyo kama huo.

Kisha video. Kila ukipata kombe (trophy) PS5 inarekodi kipande cha video na kupiga picha yenyewe. Settings, Captures and Broadcasts, sehemu ya Trophies, zima vyote viwili. Zilizokwishajazana zifute kwenye Media Gallery.

Other ni mafaili ya mfumo na mabaki, haina kitufe cha kuifuta. Ikiwa imevimba kupita kiasi, ingia Safe Mode: zima konsoli, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili (kama sekunde 7), unganisha pedi kwa waya. Chagua namba 5, Clear Cache and Rebuild Database. Fanya kusafisha kashe (mafaili ya muda) kwanza, halafu kujenga upya databesi. Gemu na sevu (rekodi ya ulipofikia kwenye gemu) hazifutwi. Usiteleze ukaingia kwenye chaguo la kuirudisha konsoli kama ilivyotoka kiwandani, hilo ni balaa lingine.

Kuhusu sevu: kufuta gemu hakufuti sevu yake, ziko mahali tofauti. Ila sevu za gemu za PS5 huwezi kuzinakili kwenye USB, ni PS Plus peke yake inayozipandisha mtandaoni. Za PS4 ndizo zinazokubali USB.

Na kuwa na CD hakukuokolei nafasi. Diski inasakinisha gemu nzima kwenye SSD, baada ya hapo kazi yake ni kuthibitisha kwamba unayo. Faida yake kwako ni moja: ukifuta, gemu ya msingi unairudisha kutoka kwenye diski, unapakua apdeti tu.

---

fundi_saketi

@BintiPedi sawa kabisa kuhusu Manage Game Content. Nyongeza: "nafasi haitoshi" wakati wa apdeti hata ukiona GB zimebaki ni ugonjwa hasa wa gemu za PS4. Mfumo ule huunganisha faili la zamani na apdeti kuwa faili jipya, na la zamani linafutwa mwishoni. Kwa muda huo gemu ya GB 60 inaweza kudai karibu GB 60 nyingine. Zihamishie gemu za PS4 zote kwenye HDD, zihangaike na nafasi ya huko.

---

Kipaza

Samahani kudandia. Mimi Xbox Series S, GB 512. Haya yote yananihusu?

---

Nahodha_wa_Pikseli

Wazo ni hilohilo, vifaa tofauti. Series S inakuachia GB 364, Series X ya TB 1 inakuachia 802. Haina tundu la M.2 la kujifungia. Kuna kadi maalumu inayochomekwa nyuma (Seagate na WD wanazo), ghali kuliko M.2 ya ukubwa uleule, lakini kuifunga ni sekunde moja na gemu zinacheza humo kama ndani. Pia unaweza kuihamishia kwenye Series nyingine na gemu zake. M.2 ya PS5 ukiipeleka konsoli nyingine inafomatiwa.

Diski ya USB iwe USB 3.0 na angalau GB 128. Gemu za Xbox One, 360 na Xbox ya kwanza zinacheza humo. Za Series X|S zinakaa tu. Kabla ya kununua chochote, ingia My games & apps, Manage, kisha Free up space: inakuonyesha na mabaki ya nyongeza za gemu ulizokwishafuta. Sevu zako zinapanda mtandaoni zenyewe bila malipo, futa bila hofu, ila hakikisha konsoli ilikuwa hewani ulipocheza mara ya mwisho.

---

BintiPedi

Na kabla mwenye Switch 2 (konsoli ya Nintendo) hajauliza: ina GB 256, na kadi ya kuhifadhia gemu ni microSD Express pekee, mpaka TB 2. Ile microSD ya Switch ya zamani inasoma picha na video tu. Tafuta alama ya EX kwenye kadi. Sevu hubaki kwenye mashine, haziendi kwenye kadi. Ukitaka nafasi tumia Archive Software, ikoni inabaki na data inaondoka. Angalia pia boksi la gemu: zenye maandishi ya Game-Key Card hazina gemu ndani, ni ufunguo, gemu nzima inapakuliwa na kukula nafasi.

---

pedi_mbili

Nimeelewa. Swali la mwisho: kwa nini gemu zenyewe ni kubwa hivi? Hawawezi kuzibana?

---

fundi_saketi

Zinabanwa, ila zamani zilirudufiwa makusudi. Kwenye HDD sindano ya kusomea inatembea, kwa hiyo watengenezaji waliweka nakala ya mti au sauti ileile kila eneo ili isisafiri mbali. Helldivers 2 ya kompyuta ilipoondolewa nakala hizo mwishoni mwa 2025 ilishuka kutoka GB 154 hivi hadi GB 23. Kwenye konsoli mpya zenye SSD hakuna haja ya hilo, ndiyo maana baadhi ya gemu ni ndogo kwenye PS5 kuliko kwenye PS4. Kwa hiyo angalia kwenye orodha yako: gemu yenye matoleo yote mawili, kama umesakinisha la PS4 kwa bahati mbaya, linganisha GB zake na la PS5 kabla ya kulihamisha popote. Na usifute la PS4 mpaka uhakikishe sevu yake inahamishika kwenda la PS5, kuna gemu zinazotaka uipandishe kutoka ndani ya lile toleo la zamani kwanza.