Naomba ushauri: baada ya ethanoli naotesha Bacillus tu, Clostridia hawaonekani

Habari zenu wakuu wa maabara. Nahitaji msaada kuotesha Clostridia, bakteria wa utumbo wasiopenda oksijeni na wanaotengeneza spora (umbo gumu la kujihifadhi), kundi ambalo spora zake zimo kwenye kapsuli za Vowst, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kuzuia maambukizi ya Clostridioides difficile (bakteria anayeleta kuhara) yasijirudie.

Kinyesi kibichi nakichanganya na ethanoli hadi 70%, saa 4 kwenye joto la chumba, ili kuua bakteria wasio katika hali ya spora. Nazungusha kwenye sentrifuji, naosha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), napanda kwenye agari ya YCFA (chakula cha kuoteshea bakteria wa utumbo) yenye sodiamu taurokoleti 0.1%. Nyuzi 37, bila oksijeni, saa 72. Chumvi hiyo ya nyongo ndiyo inayoamsha spora nyingi za utumbo, kwa hiyo siiondoi.

Kinachoota ni makoloni bapa, makavu, yenye kingo zilizochanika, na nikiyahamishia hewani yanaota vilevile, kama Bacillus, anayevumilia oksijeni. Rezazurini (kiashiria cha oksijeni) kwenye agari inabaki na rangi ya waridi, yaani oksijeni bado ipo, saa kadhaa za mwanzo, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: spora huvumilia oksijeni, lakini ikishachipua hufa upesi.

Nimebadilisha kichocheo cha paladiamu kinachoondoa oksijeni kwenye chemba na kuzimua sampuli mara 1,000. Makoloni yamepungua, aina ni ileile.

Maswali:
Agari mnaiweka saa ngapi ndani ya chemba kabla ya kupanda?
Na Bacillus mnamzuiaje bila kuwaumiza Clostridia? Antibiotiki naziogopa, zitachuja hata ninaowatafuta.