Kipandauso kwa mgonjwa mwenye pumu, nimpe dawa gani ya kuzuia?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri, nipo kituo kidogo cha afya na hapa nimekwama.

Nina mgonjwa, dada wa miaka 29, kipandauso kinamshika kama mara 6 kwa mwezi, kinaanza na vimulimuli machoni halafu kichwa kinagonga upande mmoja, anatapika, mwanga hataki hata kuuona. Presha iko sawa, mishipa ya fahamu nimempima sijaona shida. Tatizo ana pumu, kwahiyo propranololi (dawa ya kuzuia kipandauso inayoweza kubana njia za hewa) nimeiweka pembeni. Topirameti, nayo ya kuzuia, naiogopa maana anatafuta mtoto na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na valproeti ndo kabisa siigusi kwa sababu hiyohiyo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni alishaacha, nashukuru maana kwa mtu mwenye vimulimuli kama yeye, vidonge hivyo vingemuongezea hatari ya kiharusi.

Nimemuanzishia amitriptilini, dawa nyingine ya kuzuia, mg 10 usiku, wiki ya tatu sasa, analalamika asubuhi anaamka kama kalewa na anataka kuacha. Halafu juzi ndo kaniambia (nilipaswa kumuuliza mapema, najua) kumbe anameza ibuprofeni (dawa ya maumivu) siku kama 18 kwa mwezi, pumu haijawahi kumsumbua nayo ila nahisi dawa yenyewe sasa ndo inamletea kichwa.

Sasa wakuu, hiyo ibuprofeni nimkatishe ghafla au nipunguze kidogokidogo? Na amitriptilini nimwambie anywe mapema jioni tuvumilie kwanza, au kuna ya kuzuia nyingine mnayotumia kwa mwenye pumu anayetaka kubeba mimba?