Naomba ushauri, mwenye duka kwenye hadithi yangu nimuwekeje?

Habari zenu wakuu, mimi niko Arusha, Ngarenaro. Naandika hadithi ya kubuni, mji wa machimbo ya chumvi miaka ya mbele huko, watu hawaruhusiwi kutoka na njaa ni kali, sasa nimekwama kwa wenye maduka. Wachimbaji wanawaona matajiri ila mimi naona ni maskini tu mwenye kaunta, mchele mzuri anauza, wanae wanakula chenga.

Hii kitu naijua, mama alikuwa na kiduka Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, kabla ya ule ukuta wa 2018 wa kuzunguka migodi. Wanaapolo, yaani wachimbaji, wanatoka shimoni weusi kwa vumbi la kinywe (grafaiti), wanakopa unga robo, sukari ya kupima, wanashika kauntabuku kuhakiki deni, kila ukurasa una alama za vidole. Jiwe likitoka wanalipa na chenji wanaacha, lisipotoka miezi inapita na mwenye duka la jumla hasubiri, mama halali. Na bado mtaani wanasema anawanyonya, iliniuma sana jamani.

Sasa kwenye hadithi shimo limeporomoka, wadaiwa 11 wamefia ndani na daftari liko mkononi mwa mwenye duka. Awadai wajane? Akisamehe wote, duka linakufa na mtaa mzima unakosa unga. Sitaki awe shetani wala malaika. Aliyewahi kuuza duka machimboni naomba aniambie, wewe ulifanyaje mdaiwa alipofariki?