Je, mapenzi yangu kwa Casio yana msingi, au ni mazoea tu?

Karani wa Umoja anauliza:

Ndugu wanabaraza, salamu.

Nina saa ya mkononi ya Casio, ile ndogo nyeusi ya plastiki iitwayo F-91W, niliyoinunua mwaka 2009 kwa mshahara wangu wa kwanza. Tangu hapo nimeibadilishia betri mara mbili na mkanda mara moja, na haijawahi kunidai chaji wala kuniomba ruhusa ya kusasisha programu. Kila asubuhi, ninapopanga foleni ya kupanda matatu, kioo chake huandika 6:10 nami husoma saa kumi na mbili na dakika kumi bila hata kufikiri. Kikokotoo kilicho mezani kwangu kazini ni Casio pia, na wenzangu huko Eneo la Viwanda, Nairobi, ambao karibu wote wamehamia saa janja, wameamua kuniita Mjapani.

Kinachonivutia si bei pekee. Kampuni hii ilianzishwa na Tadao Kashio jijini Tokyo mwaka 1946, na bidhaa yake ya kwanza kupata soko haikuwa na uhusiano wowote na umeme. Ilikuwa pete yenye kishikio cha sigara, iliyomwezesha mvutaji kuendelea na kazi kwa mikono miwili huku akiivuta sigara yake hadi mwisho, kwa kuwa baada ya vita watu hawakuwa tayari kutupa hata kichungi. Fedha za pete hiyo ndizo zilizowasaidia yeye na ndugu zake watatu kuunda kikokotoo cha 14-A mwaka 1957, mtambo wa kilo 140 wenye swichi za rilei 341, ambao ulijengwa ndani ya meza. Miaka 15 baadaye, mwaka 1972, walitoa Casio Mini, ambacho mtu angeweza kukishika kwa mkono mmoja. Mimi nikiifikiria safari hiyo, kutoka kwenye meza hadi kwenye kiganja, husisimka kama wengine wanavyosisimkia mpira.

Sasa yamenikuta. Mpwa wangu anajiunga na shule ya bweni ambayo hairuhusu simu wala saa zinazounganishwa na simu, nami nikataka kumpa saa kama yangu. Jioni moja niliiona kwa mchuuzi kandokando ya Barabara ya Tom Mboya, nikalipa shilingi mia nne kwa haraka huku makanga akipiga mbinja, nikarukia gari. Nilipofika nyumbani nilibonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia kwa sekunde tatu, jambo ambalo kila mpenzi wa saa hii analijua. Kwenye saa yangu tarakimu hufutika na jina la kampuni hujitokeza kiooni. Kwenye ile mpya sekunde ziliendelea kuhesabika kana kwamba sijagusa kitu. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia: "Mjomba, unaipenda kampuni isiyojua kama upo, na bado umeshindwa kuitambua ulipoikuta barabarani."

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, ni dalili zipi nyingine za kutambua saa halisi, maana nasikia siku hizi hata saa bandia zimefundishwa kuandika jina hilo? Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi, je, kuna sababu ya haki ya mtu mzima kuishabikia kampuni ya vifaa kwa kiasi hiki, au kijana ana hoja?

---

Fundi wa River Road anajibu:

Ndugu Karani, pole kwa mia nne zako. Wewe si wa kwanza na wala hukufanya ujinga. Mwanga wa jioni na haraka ya matatu vimeniletea wateja wengi.

Umesikia sawasawa kuhusu kitufe cha kulia. Zamani jaribio hilo lilitosha, lakini sasa baadhi ya saa bandia hulifaulu, kwa hiyo isiyoandika jina ni bandia moja kwa moja, ilhali inayoliandika bado inahitaji kuchunguzwa. Bonyeza kitufe cha taa gizani: taa ya F-91W ni kijani hafifu inayotokea upande wa kushoto, na huangaza sehemu tu ya kioo, kiasi kwamba wengi hudhani imeharibika. Ukiona mwanga mkali wa rangi nyingine umeenea kote, shuku. Kisha geuza saa utazame kifuniko cha nyuma. Kwa saa ya umri wa yako utaona nambari ya mtambo wa ndani, 593, imechorwa ndani ya kisanduku kidogo kwa mistari safi, wakati bandia nyingi nilizozishika zina herufi zilizofifia ambazo kucha inaweza kuzikwaruza.

Sasa niruhusu nizungumze kama fundi. Kifuniko hicho kimefungwa kwa skrubu nne ndogo, na mimi hukifungua kwa bisibisi moja bila moto wala gundi. Chini yake kuna spiringi isiyozidi punje ya mchele, ambayo hupeleka umeme kwenye kisahani cha sauti kilichobandikwa upande wa ndani wa kifuniko. Karibu kila saa "bubu" inayoletwa kibandani kwangu ilifunguliwa nyumbani kwa kisu cha jikoni, spiringi ikaruka chini ya kochi, na mwenyewe hakujua kwamba kuna kitu kimepotea. Anayebadilisha betri mwenyewe akumbuke pia kugusisha kwa kibano alama iliyoandikwa AC na upande chanya wa betri kwa wakati mmoja, la sivyo kioo kinaweza kuandika vitu visivyosomeka. Na ule mpira mwembamba wa kuzuia maji urudishwe ukiwa umelala ndani ya mfereji wake bila kujikunja.

Kuhusu swali lako la pili, mimi si mshabiki wa kampuni yoyote, ila nina kipimo changu. Wiki iliyopita niliongea na mteja aliyeniletea saa janja ya kampuni ambayo sitaitaja, betri imevimba, kioo kimeinuka, na mwili mzima umeshikanishwa kwa gundi. Ilibidi nimrudishie mikono mitupu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliyeamua kutumia skrubu nne alinifikiria mimi, fundi asiyemjua, na kwa hilo namheshimu.

---

Mwalimu wa Hesabu, Kasarani, anajibu:

Karani, nina ushahidi wa upande wako, pamoja na onyo dogo.

Katika darasa langu la wanafunzi zaidi ya hamsini, vikokotoo vingi ni vya Casio, familia ya fx-82. Karatasi za hisabati za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huruhusu kikokotoo kisichopangiwa programu na kisichotoa sauti, na hivi vinakidhi masharti hayo. Jambo ninalolishukuru ni kwamba vitufe vya fx-82MS nimevijua kwa vidole. Mwanafunzi akinyoosha mkono na kusema kwamba saini ya nyuzi 30 (kitufe cha sin) imempa hasi 0.988, sihitaji kuondoka ubaoni. Najua kikokotoo chake kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi, namwambia abonyeze MODE mara mbili kisha 1, na 0.5 inarudi. Akisema amepata 0.454, najua kiko kwenye gradi, kipimo cha pembe ambacho katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona mtu akikitumia ila kwa bahati mbaya. Kwenye fx-82ES njia ni nyingine, SHIFT, MODE, kisha 3, kwa hiyo kila muhula wa kwanza hulazimika kutoa tangazo mara mbili, na daima kuna mmoja aliyefuata tangazo la mwenzake.

Onyo langu ni hili: ushabiki hugeuka ushirikina kwa urahisi. Nina wazazi wanaojinyima ili kununua kikokotoo cha bei kubwa zaidi, wakiamini kwamba vitufe vingi huleta alama nyingi. Mwenye kujua nyuzi na radiani atafaulu kwa kile cha bei nafuu. Ukimpelekea mpwa wako saa, mpelekee saa, usimpelekee dini.

---

Mwenye Shaka, Rongai, anajibu:

Naona harusi imenoga, basi niwe mgeni mkorofi. Kampuni si ndugu yako. Hiyo hiyo unayoisifu ilitoa kamera ya QV-10 mwaka 1995, iliyokuwa na kioo nyuma ambapo mpiga picha wa kawaida aliiona picha yake papo hapo, jambo ambalo leo kila simu inalifanya. Mwaka 2018 ikajitoa kwenye soko la kamera ndogo za kidijitali. Waliozipenda kamera zake hawakuulizwa. Mpwa wako yuko sahihi kwamba kampuni haikujui.

Hata hivyo, nitakukubalia upande mmoja. Unaweza kumheshimu mhandisi bila kuiabudu nembo. Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio aliyebuni saa ngumu za G-Shock, aliidondosha saa aliyopewa na baba yake, ikavunjika, na hilo likamtia hamu ya kutengeneza saa isiyovunjika. Lengo lilikuwa saa itakayostahimili kuanguka kutoka mita 10, shinikizo la maji la bari 10, na betri ya miaka 10. Alizirusha sampuli kutoka dirisha la choo kwenye ghorofa ya tatu, akashuka kuziokota, akapanda tena, na kwa takriban sampuli 200 kila mara kitu fulani ndani kilivunjika. Alikuwa karibu kukata tamaa alipomwona mtoto akidundisha mpira bustanini, akawazia kwamba kilicho katikati ya mpira hakisikii kishindo. Hivyo mtambo wa saa ukaachwa kama unaelea ndani ya kasha, ukishikiliwa kwa nukta chache tu, na G-Shock ya kwanza ikatoka Aprili 1983. Mtu aliyepanda na kushuka ngazi namna hiyo anastahili heshima yangu, na sidhani kama ningempenda zaidi au pungufu kama angefanya kazi kwa washindani wao.

---

Mcheza Santuri, Kayole, anajibu:

Wote mmesahau kinanda. Karani, kesho ukipanda matatu inayopiga rege, huenda utakuwa ndani ya kazi ya Casio bila kujua. Mwaka 1981 walitoa kinanda kidogo cha MT-40, na midundo yake ilitungwa na Hiroko Okuda, aliyekuwa ametoka chuo cha muziki muda mfupi tu na alikuwa mpenzi mkubwa wa rege. Mdundo mmoja ulipewa jina la roki. Mwaka 1985 wanamuziki wa Jamaika waliubonyeza, wakaupunguza mwendo, na ukawa msingi wa rege ya kidijitali, ukarudiwa katika nyimbo nyingi mno. Ninao MT-40 wenye vitufe viwili vilivyokufa, na mdundo huo bado unatoka. Wageni wakija huwachezea kabla hata chai haijamiminwa, na mke wangu ameshazoea kuondoka chumbani.

---

Karani wa Umoja anarudi:

Nawashukuru nyote, hata mgeni mkorofi.

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu River Road na saa zote mbili. Fundi wa hapo, sijui kama ndiye aliyenijibu hapa maana sikuthubutu kuuliza, alizifungua na kuziweka kando kwa kando juu ya kitambaa. Ya bandia ilikuwa na skrubu nne pia, ila mbili kati yake hazikushika kitu, na ndani mpira wa kuzuia maji haukuwepo kabisa. Kijana aliinama juu ya ile ya zamani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliomba aoneshwe ile spiringi, akaambiwa asipumue karibu nayo.

Nilinunua halisi dukani, kwa risiti, mchana kweupe. Kuhusu hoja yake, nimemwambia kwamba ni kweli kampuni hainijui, na kwamba sitaki inijue. Ndiyo sababu nimeachana na saa zinazohesabu hatua zangu. Hakunijibu, lakini amekwenda shuleni akiwa ameivaa.

Tatizo jipya ni kwamba jana mwalimu wake wa zamu amenipigia simu. Inaonekana saa hiyo hulia kila saa kamili inapotimia, usiku na mchana, na bweni zima halilali. Kijana anadai hajui namna ya kuizima, nami yangu sijawahi kuizima kwa kuwa napenda mlio wake.

---

Mwalimu wa Hesabu, Kasarani, anajibu:

Abonyeze kitufe cha chini kushoto mara moja ili afike kwenye kengele, kisha abonyeze cha kulia taratibu, mara moja moja, mpaka alama zote mbili za kengele na mlio wa saa zitoweke kiooni, halafu arudi kwenye saa kwa kile cha kushoto. Na Karani, kijana aliyeweza kukucheka kwa jaribio la sekunde tatu anajua vizuri kuizima.