Garmin nüvi ya mtumba kutoka Uingereza: itafaa Dodoma na njia ya Kondoa–Babati?

mlimwa_juu
Wakuu, salaam. Nina Garmin nüvi (kifaa cha GPS cha kuonyesha njia kwenye gari) ya mtumba kutoka Uingereza, ndani ina ramani ya Ulaya peke yake. Itafungwa kwenye Noah kwa mizunguko ya mjini (Iyumbu, Nala, Mtumba) na safari za Arusha kupitia Kondoa, na siku nyingine itahamia kwenye Canter. Ikiwashwa inakaa kwenye "Acquiring satellites" (inatafuta setilaiti) hadi inachosha. Ramani ya Tanzania inawekwaje bila kununua? Halafu kuna viwanja vya kufuatilia: ramani ya upimaji ina namba za bikoni (alama za pembe za kiwanja), zinaingia humu moja kwa moja? Naombeni maelekezo ya mtu anayejua, siyo ya kubahatisha.

waya_mwekundu
Karibu mkuu. Nianze na setilaiti, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema mashine imekufa.

Kifaa kilichozimwa miezi kadhaa na kusafirishwa kutoka Ulaya bado kinatafuta setilaiti za anga la kule. Kila setilaiti hutangaza mahali ilipo kwa kurudia kila sekunde 30, lakini orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kuipokea. Ukiiwasha huku unaendesha katikati ya miti na majengo ya mjini, taarifa inakatika njiani na kifaa kinaanza upya. Kwa hiyo mara ya kwanza paki sehemu ya wazi, washa, kiache juu ya boneti dakika 20 bila kukigusa. Baada ya hapo kitakuwa kinashika chini ya dakika moja, isipokuwa kikilala tena muda mrefu.

Kabla ya hapo ingia Settings, kisha System, uhakikishe "GPS Simulator" imezimwa. Vifaa vya dukani na vya mtumba hukutwa imewashwa, na ikiwashwa hakitafuti setilaiti hata ukikipandisha Mlima Kilimanjaro. Tazama pia tarehe. Hesabu ya wiki ya mfumo wa GPS hufika 1,024 ikarudi sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Kikionyesha tarehe ya miaka ya nyuma, kichomeke kwenye kompyuta yenye intaneti, weka programu ya Garmin Express, upakue programu mpya ya kifaa. Hiyo ni bure, ramani za Garmin ndizo za kulipia.

Ndani ya gari, adui ni kioo cha mbele. Tinti yenye chembe za chuma huzuia mawimbi, na kuna vioo vya kupunguza joto vinavyofanya hivyo hivyo. Jaribio ni rahisi: toa kifaa nje ya dirisha. Kikishika hapo hapo, tatizo ni kioo. Kisogeze nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, kwenye vidoti vyeusi. Magari mengi ya namna hiyo huachiwa nafasi isiyo na utando sehemu hiyo. Kamera za dashibodi na chaja za bei chee nazo hutoa kelele ya umeme inayoficha mawimbi. Chomoa vyote, subiri, kisha rudisha kimoja kimoja utamjua mchawi.

Umeme sasa. Noah ni volti 12, Canter ni 24. Soma maandishi kwenye plagi ya kebo: ikiandikwa INPUT 12–24V au 10–30V, iko salama. Ikiandikwa 12V peke yake, usiithubutishe kwenye Canter. Ncha ya plagi za Garmin hufunguka kwa kuzungusha, ndani kuna fyuzi ndogo ya kioo. Chaja ikifa ghafla anza hapo, na weka fyuzi ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Ukitumia kebo ya kawaida ya USB, nüvi nyingi hudhani zimeunganishwa na kompyuta: inatokea picha ya kompyuta na ramani inapotea. Hiyo siyo hitilafu. Kebo ya gari ya Garmin ina rezista ndani ya plagi inayokiambia kifaa "huu ni umeme tu", kwa hiyo tafuta kebo ya aina hiyo.

bando_limeisha
Mnahangaika bure. Simu ina Google Maps, na maeneo unaweza kuyahifadhi ukatumia bila bando.

waya_mwekundu
Mjini simu inashinda, hilo silipingi: foleni inaiona, na barabara mpya huingia mapema. Ila simu iliyo kwenye chaji, skrini inawaka, jua la saa nane la Dodoma linapiga dashibodi, huchemka hadi ikapunguza mwanga au ikajizima. Na simu ikiita ramani inajificha. Safari ndefu na lori, kifaa cha pekee kina maana. Hakihitaji bando wala laini, kinapokea tu, hakitumi kitu.

ramani_bure
Kuhusu ramani. Ya bure inatokana na OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea huichora. Fungua garmin.openstreetmap.nl au BBBike, chagua Tanzania, na chagua aina inayoweza kupanga njia ("routable"), siyo ya kutazama tu. Utapata faili la zip. Lifungue, ndani chukua gmapsupp.img.

Memori kadi ya GB 4 au 8 inatosha kabisa. Ifomati kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao nüvi huusoma). Kadi kubwa kuliko GB 32 hufomatiwa exFAT na Windows, na nüvi haitaisoma. Tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo, usibadilishe jina: nüvi za zamani hutambua jina hilo moja tu. Ukitaka kuwa na ya Kenya pia, pakua faili moja lenye nchi zote mbili. Zima kifaa, ingiza kadi, washa, nenda Settings, kisha Map, kisha "myMaps". Weka tiki kwenye ya OpenStreetMap na ondoa tiki ya Ulaya. Mkiacha zote mbili hazigombani, lakini kutafuta majina kunakuwa kuzito. Usifute ramani ya Ulaya kwenye kumbukumbu ya ndani. Haikuzuii kitu, na kuirudisha ni kazi.

Mwenye kwenda porini sana anunue ramani ya Tracks4Africa, ina njia za hifadhini zilizokaguliwa. Kwa Dodoma–Arusha hakuna haja. Na mwenye TomTom asipoteze muda na maelekezo haya, yale hayapokei mafaili haya.

Udhaifu ni kutafuta kwa anwani. Mtaa na namba ya nyumba mara nyingi haipati, hata kama kibao kimebandikwa getini. Kwa Dodoma fanya kazi na kodineti (namba za latitudo na longitudo). Mtu akikutumia lokesheni ya WhatsApp, ifungue kwenye Google Maps, gandamiza pini kwa sekunde mbili, zitatokea namba kama -6.17300, 35.74100. Kwenye nüvi ingia "Where To?", kisha "Coordinates", badilisha umbo liwe hddd.ddddd° (digrii zenye desimali), andika S 6.17300 E 35.74100. Alama ya kutoa ndiyo S. Ukiacha N, itakupangia safari ya kusini mwa Ethiopia, na haitakuuliza mara mbili. Tarakimu tano baada ya nukta ni usahihi wa mita moja hivi, tatu ni kama mita 110, kwa hiyo usizifupishe.

mlimwa_juu
Asante sana. Ramani imekaa, setilaiti inashika. Lakini nikipanga Arusha inanipeleka Singida ndipo Babati, badala ya Kondoa. Ramani mbovu?

ramani_bure
Ramani inaweza kuwa sawa. Ingia Settings, Navigation, kisha "Avoidances", ondoa tiki kwenye "Unpaved Roads". Kwenye data za zamani vipande vya Kondoa–Babati bado vimeandikwa vumbi, ilhali barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi 2018. Kifaa kikikatazwa vumbi, kinakimbilia lami kinayoijua, na kupita Singida kunaongeza zaidi ya kilomita 100. Njia ya Iringa kupitia Mtera nayo kwa data za zamani inaleta kasheshe hiyo hiyo.

Hapo hapo weka "Faster Time", siyo "Shorter Distance". Ukichagua fupi, itakuingiza kwenye njia za ng'ombe na makorongo kwa kuokoa kilomita mbili, na masika yale makorongo yanajaa. Kifaa hakijui maji.

Kingine, pakua faili jipya kila baada ya miezi michache. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, kwenye faili la zamani haipo au ina vipande vipande. Utaona kigari kinaelea porini na sauti inakuamuru ugeuke. Mji wa Serikali pale Mtumba vile vile, ramani za kiwandani za kabla ya 2019 zinaonyesha pori tupu.

Ukiwa na sehemu nyingi za kurudia, kama vituo vya mafuta vinavyopokea Canter, mizani au maghala, usiziandike moja moja. Ziweke kwenye faili la CSV (orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) na uziingize kwa programu ya Garmin iitwayo POI Loader. Mpangilio ni longitudo kwanza, latitudo baadaye, kisha jina: 35.74100,-6.17300,Ghala. Wengi hugeuza, na pointi zao zote zinatua mahali pengine kabisa.

bikoni_tatu
Nimeona swali la viwanja limerukwa. Jibu: haziingii moja kwa moja, na ukizilazimisha utasimama kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Ramani nyingi za upimaji zimeandikwa kwa UTM (gridi ya mita iliyogawanywa kwa zoni) juu ya datumu (msingi wa kuhesabia mahali) ya Arc 1960, wakati GPS ya gari inatumia datumu ya WGS84. Tofauti ya hizo mbili hapa kwetu ni kama mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini–kusini. Viwanja vya mita 20 kwa 30, hesabu mwenyewe umeruka vingapi. Upimaji wa karibuni unaweza kuwa kwenye datumu mpya ya Tanzania, TAREF11, hiyo haina tofauti ya maana na WGS84 kwa kazi ya kuendesha gari. Soma pembezoni mwa ramani, datumu huandikwa.

Pili ni zoni. Mstari wa longitudo 36 unapita mashariki kidogo ya jiji. Dodoma mjini iko zoni 36 Kusini, na namba ya mashariki inaanzia laki nane na kitu. Kongwa na Mpwapwa ziko zoni 37, namba inashuka hadi laki mbili na kitu. Ukichanganya zoni, pini inaruka mamia ya kilomita. Hilo angalau utaligundua. Kosa la datumu ndilo baya kwa sababu linakupeleka mtaa ule ule.

Fungua QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni ya bure. Kama ramani ni ya Arc 1960, ingiza pointi kwa namba ya mfumo EPSG:21036 kwa zoni 36 au EPSG:21037 kwa zoni 37, kisha zihamishe kwenda EPSG:4326 (ndiyo WGS84). Namba zitakazotoka ndizo za kuweka kwenye nüvi kwa utaratibu wa hapo juu. Zikupeleke kiwanjani, zisikuchimbishe msingi. Kifaa hiki kinakosea mita 5 hadi 10 hata anga likiwa jeupe, hivyo mpaka aonyeshe mpima mwenye kifaa cha upimaji.

waya_mwekundu
Nyongeza ndogo ya kikombe cha kunyonya kinachoshikilia kifaa kwenye kioo, maana vumbi la huku halina huruma. Kikianguka, osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, acha ukauke wenyewe, futa kioo kwa spiriti, bandika asubuhi kioo kikiwa baridi. Ukipaki juani toa kifaa chote. Betri yake ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa joto likizidi nyuzi 45, na dashibodi iliyofungiwa vioo inapita hapo haraka. Ikivimba, skrini inaanza kuinuka pembeni. Ukiona hivyo usiichaji tena, badilisha betri.