Naomba ushauri: nimekabidhiwa shajara za zamani, nifanyeje ili maisha ya mwandishi yaonekane?

Mlezi_wa_Daftari

Wanajamvi, heshima kwenu. Nimekabidhiwa shajara tisa za marehemu mzee wa ukoo wetu. Saba ni daftari za kawaida na mbili ni kalenda za mfukoni, zote kwenye sanduku la bati. Wino wa kurasa za mwanzo umegeuka kahawia, kuna kurasa zimeshikana, na daftari moja lina vitobo vya wadudu.

Nia yangu ni kuandika jinsi watu wa kawaida walivyoishi wakati ule, ila kurasa nyingi hazina tukio lolote. Mfano wa siku moja nzima: "Mvua tangu alfajiri. Fundi hakuja. Mafuta ya taa nusu chupa, deni. M. bado kichwa." Ndugu wanasema tuchague kurasa zenye habari kubwa, nyingine tuachane nazo. Wenye uzoefu mnanishauri nini?

Hati_Kale

Kabla hujasoma chochote, litenge hilo lenye vitobo, wadudu wasihamie kwenye mengine. Litie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba vizuri, kisha liweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, mfuko usifunguliwe mpaka ipite siku nzima. Ukiufungua daftari likiwa bado baridi, unyevu wa hewani utafanya matone juu ya karatasi na wino utachuja. Dawa ya kupuliza usiisogeze karibu.

Wino wa kahawia mara nyingi ni ule uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini ya mimea. Ukiwa mpya ni mweusi, ukizeeka hugeuka kahawia, na asidi iliyomo huila karatasi. Tazama kwa kioo cha kukuzia mahali ambapo kalamu ilikandamizwa: ukiona nyufa zinafuata umbo la herufi, ukurasa huo usikunjwe wala usipinduliwe kwa kidole kimoja, uinue kwa kipande cha karatasi ngumu kilichopitishwa chini yake. Na usiulowanishe kwa sababu yoyote ile, maji husambaza chuma na asidi hadi sehemu ambazo zilikuwa bado nzima.

Zilizoshikana, pitisha kipande chembamba cha plastiki laini kuanzia kwenye kona iliyo wazi. Kikigoma, acha hapo hapo, hiyo ni kazi ya fundi wa nyaraka. Mvuke wa birika ndio unaoharibu zaidi, maana hulainisha karatasi na wino kwa pamoja.

Selotepu hapana, gundi yake hugeuka njano na kupenya. Pini za stepla zilizoshika kutu, nyanyua miguu yake kwa nyuma kwanza, usivute. Andika kwa penseli tu ukiwa mezani. Glavu za pamba hazina faida kwa karatasi dhaifu kwa kuwa vidole havihisi ukingo. Mikono iliyooshwa na kukauka inatosha. Kisha zihamishe kutoka kwenye bati, maana likipata joto mchana na baridi usiku hutoa jasho kwa ndani. Boksi la karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipobadilika sana, unyevu kati ya asilimia 35 na 50.

Mpiga_Nakala

Naongezea hapo: piga picha zote kwanza, kusoma kutafuata. Kila unapolifungua daftari unalichosha.

Kwa skana weka nukta 400 kwa inchi na uhifadhi kama TIFF, aina ya faili ya picha isiyopoteza ubora. Kwa simu, iweke kwenye stendi ikitazama chini sawasawa, taa mbili pande mbili kwa nyuzi 45, mwanga wa simu uzimwe. Maandishi ya penseli yaliyofutika yanasomeka ukilaza taa moja ubavuni, mikwaruzo inatoa kivuli. Wino wa chuma uliofifia huonekana vizuri chini ya taa ya urujuanimno (UV), kwa sababu karatasi inang'aa na wino unabaki mweusi. Washa kwa muda mfupi tu.

Piga na jalada, na kurasa tupu, na vikaratasi vilivyochomekwa. Kikaratasi usikitoe kabla hujarekodi kilikuwa kati ya ukurasa upi na upi. Risiti iliyolala kwenye wiki ya deni la mafuta ni ushahidi. Ikishahamishwa hakuna wa kujua ilihusu nini.

Majina ya faili yawe kama daftari03_uk014. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Bi_Mnukuzi

Mlezi, ndugu zako waheshimiwe, ila kwenye hili la kuchagua kurasa usiwakubalie. Ule mstari ulioutoa una mengi kuliko unavyodhani. Mvua na fundi kutokuja viko jirani: kazi yake ilitegemea hali ya hewa, pengine ni ya nje au ya paa. "Nusu chupa, deni" inakupa kipimo walichonunulia, na kwamba siku ile fedha haikuwepo ila uaminifu wa muuzaji ulikuwepo. Halafu "bado". Neno hilo linakurudisha nyuma kutafuta siku M. alipoanza kuumwa, na mbele kutafuta alipopona. Siku moja peke yake haisemi mengi, lakini ukiwa na siku mia mbili utajua msimu wa kukopa, miezi ya maradhi, na nani alikuwa haji kazini mvua ikinyesha.

Mfano unaojulikana ni wa Martha Ballard, mkunga wa Hallowell, Maine, Marekani, aliyeandika shajara kuanzia 1785 hadi 1812. Ni mistari mifupi kama ya mzee wako: hali ya hewa, nani kaja, nani kajifungua, kitambaa, malipo. Waliosaka habari kubwa hawakuona cha maana humo. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich alipoipitia siku kwa siku na kuhesabu, zilipatikana kumbukumbu za uzazi 816, na uchumi mzima wa wanawake wa pale ambao vitabu vya hesabu vya waume zao haviutaji. Angechagua kurasa "nzuri", hayo yote yangepotea.

Kwa hiyo nukuu kila kitu. Mstari kwa mstari, tahajia yake iachwe ilivyo, makosa yake yasisahihishwe: namna alivyoandika neno inaweza kuonyesha alivyolitamka. Chako kiingie kwenye mabano ya mraba, neno la shaka lifuatwe na [?], lisilosomeka [halisomeki]. Usikisie kimyakimya hata mara moja. Mwandiko ukiwa ni mmoja daftari zote, programu kama Transkribus inaweza kufundishwa kuusoma, ila itahitaji kwanza maneno kama 5,000 hadi 15,000 uliyonukuu mwenyewe kwa uangalifu.

Baada ya hapo tengeneza jedwali: tarehe, hewa, kazi, waliokuja, waliokwenda, kilichonunuliwa na kipimo, deni, ugonjwa, na safu ya mwisho ya maneno yake yenyewe. Hiyo ya mwisho usiiache. Jedwali lisilo na maneno ya mwenyewe linakufanya umsahau aliyeandika.

Kalenda

Tarehe ziangaliwe. Alipoandika jina la siku pamoja na tarehe, linganisha na kalenda ya mwaka huo. Visipokubaliana mara kwa mara, huenda aliandika jioni ya kesho yake, au alijaza wiki nzima kwa mpigo. Kujaza kwa mpigo kunaonekana pia kwa wino: siku saba zenye rangi na mkandamizo uleule. Siku za namna hiyo zipe uzito mdogo kwenye mambo kama saa na bei, kwa kuwa ni kumbukumbu za baadaye, si maandishi ya siku yenyewe.

Kwa wanaosoma shajara za mbali zaidi, kuna nchi zilizoruka siku zilipobadili kalenda: Uingereza ilitoka Septemba 2 moja kwa moja hadi Septemba 14 mwaka 1752, na Urusi ilitoka Januari 31 hadi Februari 14 mwaka 1918. Pengo hapo si uvivu wa mwandishi.

Safu ya hewa nayo isidharauliwe. Huko Kyoto, Japani, shajara za watu wa kasri zilizotaja kuchanua kwa micheri ndizo zinazowawezesha wanasayansi kufuatilia majira ya kuchipua kuanzia mwaka 812.

Mlezi_wa_Daftari

Asanteni sana, hili la kuchagua limekwisha, tutanukuu zote. Maswali mawili. Kuna wiki nzima hazina kitu, nizichukuliaje? Na hizo herufi kama "M." nizifungue kwa majina?

Bi_Mnukuzi

Ziandike kwenye jedwali kama siku tupu, usiziruke. Kisha tazama kilicho kabla na baada. Ukimya baada ya "M. bado kichwa" si sawa na ukimya wa msimu wa kazi nyingi. Kuna pia vilivyokosekana kwa sababu vilikuwa vya kila siku: nani aliteka maji, nani alipika, nani alilala wapi. Mtu haandiki anachokiona kila siku. Hivyo hujitokeza siku vinapoharibika, kwa hiyo tafuta maneno "hakuja", "imekatika", "hakuna leo". "Fundi hakuja" ndiyo inayokuambia alikuwa akija.

Na mizani irudishe kwa mwandishi pia. Shajara inaandikwa na anayejua kuandika na mwenye dakika za kukaa. Wale wanaotajwa kwa herufi moja hawakuandika lolote, usimfanye mzee kuwa msemaji wao.

Hati_Kale

Kuhusu herufi: weka daftari la pembeni, kila herufi na kurasa zake zote, na ushahidi unaoelekeza kwa nani. "M." wa kalenda ya mfukoni anaweza asiwe "M." wa daftari la nne. Usiunganishe mpaka sehemu mbili tofauti zikubaliane.

Ukishajua, jina libaki kwenye nakala ya ndani. Maradhi na madeni ya watu walio hai, au ambao watoto wao wako hai, yasitoke nje bila ridhaa yao. Na kumiliki karatasi si kumiliki haki ya kuchapisha: nchi nyingi huilinda hadi miaka 50 au 70 baada ya mwandishi kufariki, na hurithiwa. Wakusanye warithi, waandike idhini kabla hujaanza kuchapa.

Mpiga_Nakala

Ukilitoa lile la friza, lipekue juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mpya wa vitobo baada ya mwezi, rudia kugandisha.